KoboCollect kijiweni: maoni ya msaidizi wa utafiti wa Mbeya

Nianze na alama, mwenye haraka asisumbuke kusoma mpaka chini: nyota nne kati ya tano. KoboCollect, programu ya simu ya kujazia madodoso, ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti, na kwa tasnifu ya saikolojia inayotaka watu wa mtaani wajibu maswali ya moyoni, mimi sijakutana na kitu cha kuifikia. Nyota moja naizuia kwa makusudi, na sababu nitaitaja nikifika.

Mimi ni msaidizi wa utafiti. Mitaani tunaitwa "watu wa madodoso". Kishikwambi nilikizoea kwenye sensa ya 2022, ile ya Agosti 23 iliyotupa hesabu ya Watanzania 61,741,120, na tangu hapo wanafunzi wa vyuo vya Mbeya na Iringa wananitafuta msimu wa tasnifu ukiwadia. Karibu wote wanakuja wamekwama palepale. Dodoso limeshapita kwa msimamizi, barua ya chuo ipo, sura tatu za mwanzo zimejaa marejeo, ila watu wa kujibu hawaonekani.

Kazi ninayoisemea hapa ni ya binti mmoja wa uzamili, aliyekuwa anapima dalili za sonona na msongo wa mawazo kwa madereva wa bodaboda jijini Mbeya. Vijiwe alivyovichagua vilikuwa na madereva 1,200 kwenye orodha zao. Akaichukua kanuni ya Yamane ya 1967 ya kukokotoa idadi ya wahojiwa, ambayo kila mwanafunzi wa Tanzania anaikariri: idadi yote unaigawa kwa moja ukijumlisha na idadi hiyohiyo mara mraba wa kosa unaloweza kulivumilia. Kwa kosa la asilimia 5 ikamtolea 300 kamili, bila hata desimali. Kwenye karatasi inapendeza. Pale Kabwe, hao 300 ni vijana wenye helmeti mkononi na macho kwa abiria, na kila dakika unayomshikilia mmoja wao ni nauli inapita.

Alianza na Google Forms, kama wote. Siisemi vibaya: ni ya bure, dodoso unalitengeneza jioni moja, majibu yanaingia kwenye jedwali yenyewe na michoro juu. Tatizo ni nani anayejibu. Linki ukiitupa kwenye magrupu ya WhatsApp inafika kwa wanaofanana na wewe: wanachuo wenzako, binamu zako, walimu wako wa sekondari. Wapo waliomjibia kwa huruma, "tumsaidie dada amalize chuo", wala hawajawahi kushika usukani wa pikipiki. Yeye mwenyewe alikuwa ameandika kwenye sura ya pili kuhusu makala ya Henrich, Heine na Norenzayan ya 2010, ile iliyoishutumu saikolojia kwa kujengwa juu ya watu wa nchi tajiri za Magharibi, wasomi, na mara nyingi wanafunzi wa vyuo tu. Halafu akakaa kukusanya wanafunzi wa vyuo! Nilipomwambia hivyo alicheka, lakini alinielewa.

Kuna na njia ya mkato ambayo sitaitaja kwa jina. Mtandaoni wapo wanaojitangaza kuuza wahojiwa: unalipa, unawapa linki, kesho yake unakuta majibu mia. Alijaribu na fungu dogo. Majibu yaliingia usiku wa manane, moja nyuma ya jingine kama treni ya TAZARA na mabehewa yake, na wengi walikuwa wamebonyeza jibu lilelile kuanzia swali la kwanza mpaka la mwisho, hata pale maswali mawili yalipokuwa yanapingana. Hiyo sisi tunaiita kupika data. Akaitupa yote. Hela haikurudi, na aliyeuza akahamia namba nyingine.

Sasa KoboCollect. Kwa asiyeijua: kuna KoboToolbox, mtandao ambako unatengeneza dodoso na kupokea majibu, na kuna KoboCollect, programu ya simu za Android unayoipakua Play Store. Ilianzia Harvard Humanitarian Initiative huko Marekani kwa ajili ya kazi za dharura, wakimbizi na majanga, ndiyo maana imeundwa kwa kudhania kwamba mtandao haupo. Unapakua dodoso asubuhi ukiwa na bando au waifai, unaingia fildi, unajaza watu siku nzima bila mtandao, jioni ukirudi unatuma yote kwa mkupuo. Mbeya mjini mtandao upo, lakini kupanda milima kuelekea Isyesye au kushuka Mbalizi kuna sehemu simu inakuwa tochi tu. Na hata mtandao ukiwepo, bando ni la nani? Dereva hawezi kuchoma lake kwa ajili ya tasnifu yako.

Kitu kilichonifanya niipende si hicho, ingawa ndicho kinachosemwa zaidi. Ni kwamba inaniruhusu mimi kuondoka.

Nieleze. Dodoso la sonona alilotumia ni PHQ-9, maswali tisa yaliyochapishwa 2001 na Spitzer, Kroenke na Williams, linalotumika duniani kote bila malipo. Linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: umekosa hamu ya kufanya mambo, usingizi umekuwaje, umejiona umefeli, na mengine ya aina hiyo. Kila swali lina alama 0 mpaka 3, jumla haizidi 27. Sasa chukua kijana wa Mwanjelwa, amekaa kwenye pikipiki yake, wenzake sita wamemzunguka, na mtu mzima kama mimi namuuliza kwa sauti, "Mdogo wangu, ndani ya wiki mbili hizi umejisikia huna thamani?" Atanijibu nini? "Hapana kabisa, kaka, tupo fiti." Maswali yote tisa, fiti. Karatasi nayo haisaidii sana, maana wenzake wanachungulia, na wapo ambao kusoma haraka hakujawahi kuwa jambo lao.

Tulichofanya ni kurekodi maswali kwa sauti. Tulimtafuta dada mmoja wa Ilomba mwenye sauti ya kutulia, akasoma kila swali na majibu yake manne kwa Kiswahili cha kawaida, tukaweka faili za sauti ndani ya dodoso. KoboCollect inaruhusu: kila swali linakuwa na alama ya spika, ukiibonyeza linasomwa. Dereva anapewa simu na spika za masikioni, anageuka upande wa ukutani, anasikiliza, anabonyeza. Mimi nakwenda zangu kununua karanga. Hakuna anayesikia swali, hakuna anayeona jibu, wala mimi sijui amejibu nini. Mwanafunzi alipolinganisha majibu ya siku za mwanzo, tulipokuwa tunauliza kwa mdomo, na ya baada ya hapo, tofauti ilionekana kwa macho kabla hata ya kufungua SPSS, ile programu ya takwimu. Msimamizi akamwambia makundi hayo mawili asiyachanganye, na ni kweli: yale ya mdomo yakabaki kuwa majaribio.

Hapa mwenye kutaka kuiga ajue mambo madogo yanayoudhi. Juni asubuhi Mbeya baridi si mchezo, madereva wamevaa glavu, na kioo cha simu hakiitambui glavu. Unamwomba avue, vidole vimekufa ganzi, anabonyeza mara mbili, anaruka swali. Halafu programu imezoea kupeleka ukurasa kwa kutelezesha kidole. Kidole kikitetemeka tu, swali limepita. Ingia kwenye mipangilio, uzime kutelezesha, acha vitufe vya mbele na nyuma peke yake. Mwanga wa kioo uweke juu kabisa, maana kuanzia saa tano jua la nyanda za juu linaua kioo. Chukua na pawabanki, chaji inakwisha haraka. Spika za masikioni uwe na jozi za kutosha na vitambaa vya kufutia. Watu wanaona kinyaa, na wana haki.

Jambo jingine ninaloipendea ni rasimu. Kijana yuko swali la sita, anatokea mama na mizigo anataka kwenda Uyole. Ataondoka, huwezi kumzuia na hupaswi. Kwenye Google Forms, kama hajaingia na akaunti yake, akifunga ukurasa yameondoka. Kwenye KoboCollect nahifadhi kama rasimu, naipa namba isiyo na jina, namwambia, "Ukirudi tumalizie." Wengi wanarudi. Wengine wanarudi wamebadili mawazo, nayo ni sawa, rasimu inafutwa mbele ya macho yake. Ila funga mipangilio kwa neno la siri na uondoe ruhusa ya kuhariri yaliyokamilika, la sivyo dereva anayefuata anaweza kuzungukazunguka akafungua ya mwenzake. Programu ina sehemu ya hilo, wengi hawaijui.

Na inaweka muda wa kuanza na wa kumaliza kila dodoso, ukiiagiza ifanye hivyo. Hii ni dawa ya wasaidizi wa utafiti wenzangu, samahani kwa kusema. Google Forms inakuonyesha saa ya kutuma tu. Huku, kama mtu amemaliza maswali arobaini kwa sekunde hamsini, utaona. Nimesikia wenzangu wakilalamika kwamba ni kuwachunguza. Kama unafanya kazi, wasiwasi wa nini?

Sasa onyo kwa wanafunzi wa saikolojia hasa. Programu inakuwezesha kulifanya kila swali kuwa la lazima, yaani mtu hasogei mbele mpaka ajibu, na wanafunzi wanalipenda hilo kwa sababu jedwali linarudi halina mapengo. Msifanye. Mtu anayelazimishwa kujibu swali asilolitaka atabonyeza chochote, na wewe utakiita data. Weka jibu la "sipendi kujibu". Ukurasa wa ridhaa ukae mwanzo, na mtu akibonyeza "sikubali" dodoso lifungwe palepale kwa shukrani. Inawezekana, ni mstari mmoja wa masharti. Vilevile programu inaweza kujumlisha alama za PHQ-9 yenyewe. Ijumlishe kimyakimya. Kumwonyesha dereva namba 14 kwenye kioo halafu akawasha pikipiki kwenda zake ni ukatili. Alama 10 na kuendelea inasema mtu huyu aonane na mtaalamu amwangalie vizuri, haisemi ana ugonjwa.

Na swali la tisa. Linauliza kama mtu amekuwa na mawazo kwamba bora afe, au ya kujiumiza. Hakuna programu itakayokusaidia hapo. Kwa kuwa sisi hatukuona majibu, tuliweka ujumbe mwishoni kwa kila mtu, bila kujali amejibu nini, sauti ya dada yuleyule ikisema kwamba ukiona mambo haya yanakuelemea unaweza kuongea na mwanafunzi mwenyewe pembeni leo, au kufika kitengo cha afya ya akili Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Mwanafunzi alikuwa ameshakwenda hospitalini kabla, amejitambulisha, anajua wa kumpigia. Kamati ya maadili ilimtaka afanye hivyo na ilikuwa na haki. Akawa anakaa kwenye kibanda cha mama lishe jirani na kijiwe kila siku ya kazi. Wapo waliokwenda kukaa naye. Waliongea nini sijui, na si kazi yangu kujua.

Watu je, tuliwapataje? Hapa ndipo matangazo ya programu za aina hii yanapodanganya kwa kunyamaza. KoboCollect haikuletei mtu hata mmoja. Njia ni ileile ya zamani: barua ya chuo kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka kwa Katibu Tawala wa Wilaya, ikaenda Jiji, ikafika kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa mtaa, na kila ofisi mhuri wake na "njoo kesho" yake. Lakini ukimaliza hapo bado hujafika popote, kwa sababu kijiwe kina serikali yake. Kuna mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mwenyekiti wa kijiwe kimoja cha Mafiati alizikagua barua zetu zote, akazirudisha, akauliza swali moja tu: "Haya majina yanakwenda trafiki?" Tukamfungulia dodoso lote kwenye simu, akaona hakuna jina, hakuna namba ya pikipiki, hakuna namba ya simu. Tulikuwa tumezima hata GPS, ambayo wanafunzi wengi wanaiwasha bila kufikiri, kwa vile tu kitufe kipo. Swali la sonona likiambatana na mahali mtu alipokaa si siri tena. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, ina masharti hata ya kupeleka taarifa nje ya nchi, na seva za Kobo ziko nje. Kwa hiyo kisichohitajika kisikusanywe kabisa.

Mwenyekiti akaridhika kupita kiasi. Akasimama juu ya tofali, akapaza sauti, "Vijana, wote mjaze, ni amri!" Ikabidi mwanafunzi amvute pembeni kwa adabu, "Mzee wangu, nashukuru sana, ila asiyetaka aachwe." Akashangaa, maana kwake alikuwa anatusaidia. Akarudi juu ya tofali akatangaza upya kwamba ni hiari, na kwa namna alivyolitamka hilo neno hiari, wakacheka wote, na foleni ikajipanga yenyewe. Tulichagua kwa namba kutoka kwenye orodha yao, si waliojitokeza tu, na hilo nalo lilichukua maelezo marefu kwa waliokuwa na hamu na namba zao hazikutoka.

Saa nzuri ni kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa saba. Kabla ya hapo wanapeleka watu kazini na watoto shule, jioni usijaribu. Ahsante yetu ilikuwa chai na andazi kwa kila aliyekaa, awe amejibu au amekataa katikati. Wapo wanaotoa vocha kwa anayemaliza tu. Mimi siipendi, inamfanya mtu amalize kwa ajili ya vocha.

Sasa ile nyota moja. Kutengeneza dodoso ndiko kunakochosha. Maswali ya kawaida unayapanga kwenye ukurasa wao kwa kubonyezabonyeza, rahisi. Ila ukitaka sauti, unaingia kwenye Excel: safu hii ya aina ya swali, safu hii ya jina, safu ya sauti, jina la faili lifanane herufi kwa herufi, kisha faili zenyewe uzipandishe mahali pengine. Herufi moja kubwa badala ya ndogo, swali linakuwa bubu na programu haikulalamikii mpaka uko kijiweni. Maelekezo yao mengi ni ya Kiingereza cha mafundi. Mwanafunzi wa saikolojia anayeogopa Excel atatafuta mtu wa kumtengenezea na atalipa, kwa hiyo "bure" yake ina bei. Linganisha na karatasi: kurasa nne kwa fotokopi ya shilingi 100, watu 300, ni laki na ishirini elfu, halafu bado kuna kuingiza data kwa mkono na makosa yake. Ukiweka gharama zote mezani bado Kobo inashinda, lakini si kwa umbali ule unaosikia vyuoni. Matokeo yakishaingia, unayashusha kwa Excel au na lebo za SPSS, na hapo kwa kweli raha.

Usiitumie kama watu wako wote wako chuoni na wana bando. Hapo Google Forms inatosha na usijisumbue. Usiitumie pia kama huna mpango wa nini kitafuata baada ya swali la tisa.

Mnaoniuliza kuhusu iPhone: KoboCollect haipo huko. Dodoso lilelile linafunguka kwenye kivinjari kwa linki, na likishafunguka mara ya kwanza linaweza kuendelea bila mtandao, lakini usitegemee vitu vyote vya Android, likiwemo lile neno la siri la kufunga mipangilio. Kwa kazi ya kijiweni, tafuta Android ya bei ndogo yenye kioo kizima na spika inayosikika. Yangu ina ufa kwenye kona na bado inatuma.